Mshumaa Juu ya Jeneza la Glovu

Haya niliambiwa na Ilka mwenyewe, mke wa Tihamér Bárdosy, majira yale ya baridi ya vita makaa yalipoadimika, tukimenya viazi jikoni kwangu kwa kuwa ndimo mlimokuwa na moto. Hakuwa mtu wa kurudia maneno, kwa hiyo mimi nilinyamaza nikamenya.

Na nyinyi mlimwacha Ilka wapi katika sehemu ya Alhamisi iliyopita? Mlimwacha uani, nyuma ya hoteli, ameng'ang'ania kikapu kilichoning'inia kwa kamba kutoka dirishani, na macho yake yako kwenye ukurasa wa mchezo mpya wa mumewe, wino haujakauka.

Aliusoma mstari wa kwanza. Akausoma tena.

"Mke wangu, leo tena nimekuletea mshumaa. Wewe uko Fiume unakula samaki na nahodha wako, na mimi hapa nawashia jeneza la glovu."

 Siri ile, kwamba mama yake alitoroka na nahodha na jeneza lililozikwa lilijaa glovu, walikuwa nayo watu wawili tu katika jiji zima la Pest, baba yake na yeye. Kisha akaolewa, wakawa watatu. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani, na hiki kilikuwa kitandani kabisa.

"Naubusu mkono wako, bibi," alisalimia zimamoto wa ukumbi wa maigizo, mzee aliyekuwa akitumwa kuzichukua kurasa. "Nipe hiyo karatasi. Watu wanaanza kukaa, na tendo la tatu bado liko kwenye kikapu."

"Subiri."

"Mimi naweza kusubiri. Pazia halisubiri."

Ilka akainua uso. "Tihamér!"

Dirisha likafunguka. Akachungulia mwandishi aliyependwa na Pest yote, nywele timutimu, shati hadi mapajani. Suruali hana. Meneja alikuwa amemfungia humo tangu Jumatatu, akaondoka na ufunguo, viatu na suruali, maana ndivyo walivyofungiwa waandishi wa kwetu waliozoea kutorokea mkahawani kabla ya kumaliza mchezo.

"Ilka, mpenzi wangu. Umeniletea sigara?"

"Umeandika nini hapa?"

"Usisome chini ya mwanga mbaya. Utaharibu macho."

"Hii ni siri ya baba yangu. Nilikuambia kitandani."

"Sasa ulitaka uniambie wapi, sokoni?" Akacheka kidogo, kile kicheko chake kilichowahi kumtoa kwenye matatizo mengi. "Nimembadilisha jina. Nani atamjua?"

"Kwenye mchezo anafanya kazi gani?"

Tihamér akajikuna shingo. "Anashona glovu."

"Na umempelekea nani tiketi za bure?"

 Tiketi za bure alikuwa amezimwaga mtaa mzima wa washona glovu, ili ukumbi ujae. Safu tano nzima, na katikati ya safu ya pili mzee Kelemen Rédey, baba yake Ilka, ndani ya koti lake la Pasaka.

Kesho yake ilikuwa Siku ya Watakatifu Wote. Mtaa wote ungekwenda makaburini na mishumaa na maua meupe, kama kila mwaka, na mzee Kelemen angesimama kwenye kaburi la mkewe mbele ya majirani walewale. Leo wangecheka. Na kesho je, angesimama na uso gani?

"Tihamér, utamuua mzee wangu."

"Nani anakufa hapa? Mama yako yuko hai anapunga upepo wa bahari, baba yako anauza glovu vizuri. Ni kichekesho, Ilka. Watu watalia na kucheka kwa pamoja. Unajua ilivyo kazi kupata hivyo?"

Ilka akaushika ukurasa kwa mikono miwili, akauchana. Akavichana na vipande.

Zimamoto akavua kofia yake ya shaba kama aliyepita kwenye msiba.

 Kisha, ajabu, sauti ya Tihamér ikateremka laini kama siagi. "Basi. Basi, mke wangu. Umeshinda. Nipe nafasi ya kuvuta sigara moja ambayo hujaniletea, nikuandikie nyingine. Mke wake atakuwa kaburini kweli. Hakuna nahodha, hakuna glovu. Umeridhika?"

"Andika."

Akaandika. Kalamu ilisikika ikikwaruza. Kikapu kikashuka, Ilka akasoma palepale amesimama: mshona glovu anapiga magoti kaburini na kusema, "Nipo hapa, sijaondoka. Na wewe hujaondoka." Basi. Maneno ya heshima, yasiyomvua mtu nguo.

"Ahsante, mume wangu," alisema, na machozi yakamtoka.

"Kimbia," akasema Tihamér, akafunga dirisha upesi kidogo kuliko inavyompasa mtu mwema.

Wakakimbia, bibi mbele na zimamoto nyuma, wakavuka njia ya tramu, wakaingia kwa mlango wa wasanii.

Mnong'onezaji wa ukumbi ule alikuwa Fáni, mwanamke mnene mwenye sauti ya pipa. Kazi yake ilikuwa kujikunja ndani ya tundu chini ya ukingo wa jukwaa na kuwanong'oneza waigizaji maneno yao. Kwetu Pest michezo iliandikwa kwa haraka mno, na waigizaji wengi walipanda jukwaani hawajui lolote, wanayapokea maneno kutoka chini kama makinda ya ndege.

"Shangazi Fáni, tendo la tatu limebadilika. Tafadhali, soma ukurasa huu. Huu tu."

Fáni akaupokea, akausoma huku midomo inacheza. "Umepoa kidogo."

"Ndivyo ninavyoutaka."

"Na yule bwana mkubwa?" Alimaanisha Rajmund Pataky, mwigizaji mkuu, aliyekuwa akipakwa poda usoni. "Ameambiwa?"

"Kuna haja?"

Fáni akacheka, matiti yakatikisika. "Haja gani, binti. Rajmund hajui hata siku yake ya kuzaliwa bila mimi. Nikimwambia aseme yeye ni farasi, atalia kama farasi. Nenda kakae na baba yako."

Ilka akaenda. Onyesho lilianza alasiri, maana usiku ule na kesho yake kumbi zote zingefungwa kwa heshima ya wafu. Akapenya hadi safu ya pili, akakaa. Mzee Kelemen akampa peremende.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Amefungiwa, Baba."

"Polisi?"

"Meneja."

"Afadhali," akasema mzee.

Tendo la kwanza likapita, watu wakacheka. La pili likapita, wakacheka zaidi. Ilka alianza kupumua. Mkono wa baba yake ulikuwa juu ya goti lake, mkavu, mwepesi, vidole vimepinda kwa miaka ya sindano.

Pazia la tatu likafunguka. Jukwaani kaburi, limewekwa mbele kabisa, karibu na tundu la Fáni. Rajmund akaingia na mshumaa. Kabla hajasema neno, akatoa glovu mfukoni, akaiweka mdomoni, akaipuliza mpaka vidole vikasimama, kisha akaikunja.

Safu tano zikageuka kwa pamoja.

Hakukuwa na mtu Pest aliyepuliza glovu hivyo kabla ya kuikunja ila mmoja. Jina lilibadilishwa, ndiyo. Pumzi haikubadilishwa.

"Ni kupuliza tu," Ilka akajiambia. "Maneno ni yale mapya. Maneno yako kwa Fáni."

Rajmund akapiga magoti. Na hapo Ilka akaona jambo ambalo halijawahi kuonekana katika ukumbi ule: Rajmund hakutazama kwenye tundu. Alitazama mbali, juu ya vichwa vya watu, kama mtu anayejua aendako.

"Mke wangu," akaanza, "leo tena nimekuletea mshumaa. Wewe uko Fiume unakula samaki na nahodha wako..."



Alikuwa ameyajua kwa moyo. Rajmund, mvivu wa wavivu, safari hii alijifunza. Baadaye ndipo Ilka alipoambiwa kwamba Tihamér alikuwa amemsomea maneno yale wiki moja kabla, mkahawani, na Rajmund akalia ndani ya kahawa yake, akaenda nyumbani akakariri. Ukurasa uliochanwa uani ulikuwa nakala tu. Ule mpya uliandikwa ili bibi aondoke chini ya dirisha. Tihamér alijua yote hayo aliposema basi, umeshinda.

"...na mimi hapa nawashia jeneza la glovu. Za mkono wa kushoto tu. Za kulia naona uliondoka nazo."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Ilka akafumba macho. Mtu mmoja alikuwa bado anapigana, naye ni Fáni. Alikuwa ameahidi, na mwanamke yule hakuwa wa kuvunja ahadi. Akanong'ona kutoka tunduni: "Nipo hapa, sijaondoka."

Rajmund hakusikia. Akaendelea na nahodha.

Fáni akapandisha sauti. "Nipo hapa, sijaondoka."

Rajmund yuko kwenye samaki.

Basi Fáni akaacha kunong'ona. Akaitoa ile sauti ya pipa, yote, kutoka chini ya lile kaburi la mbao: "Nipo hapa. Sijaondoka."

Ukumbi ukanyamaza kimya kabisa. Sauti ya mwanamke, kutoka kaburini. Hata Rajmund alishtuka akakaa kitako. Lakini mwigizaji ni mwigizaji. Akautazama mshumaa wake, akautazama udongo, akasema taratibu, "Mnaona wenyewe. Siku hizi hata glovu zinasema."

Wallahi, watu walicheka mpaka mwanamke mmoja akatolewa nje kwa kukosa pumzi. Walidhani ndivyo ilivyoandikwa. Washona glovu wa safu ya tatu walikuwa wakipigana mabega, wakimwonyesha mzee Kelemen kwa kidevu. "Kele," mmoja akanong'ona kutoka nyuma, jirani wa mlango kwa mlango, "kumbe wewe ni bingwa. Miaka yote hiyo tumekuwa tukimwombea mke wa nahodha?"

Na dawa hiyo iliyozidisha ugonjwa aliileta nani? Ilka, kwa mikono yake, mbio, akivuka njia ya tramu.

Akageuka kumtazama baba yake. Mzee alikuwa amesimama. Akatoa glovu zake nyeusi, akazipuliza moja moja, akazivaa bila haraka huku watu wakilia kwa kicheko. Kisha akapiga makofi. Kwa glovu makofi hayatoi sauti. Alipiga hivyo, bila sauti, mpaka pazia likafungwa.

"Baba, twende nyumbani."

"Nitatangulia, mwanangu. Wewe nenda kamwone mumeo. Mtu aliyefungiwa huwa na njaa."

Meneja, uso umemwiva kwa furaha, akamkabidhi Ilka ufunguo na suruali. "Mpelekee shujaa wetu," alisema. "Na lile la sauti ya kaburini, mwambie ni la kipaji."

Ilka alipofungua chumba cha hoteli, Tihamér alikuwa kitandani, mguu juu ya mguu, chupa ya mvinyo tupu kando yake.

"Nimesikia kicheko mpaka huku," alisema. "Usinipige kichwani. Kichwa ndicho kinachotulisha."

Ilka hakumpiga. Alikaa kwenye kiti. "Ulinidanganya."

"Ndiyo."

"Ulinitazama usoni ukanidanganya."

"Ilka, ningefanyaje? Mchezo mwingine sikuwa nao." Alisema hivyo kwa unyonge wa kweli, na huo ndio uliokuwa ubaya wa Tihamér, unyonge wake ulikuwa wa kweli daima. "Mimi nikisikia jambo zuri, siwezi kulishika. Linanitoka. Wengine hutokwa na jasho."

"Kesho baba yangu anakwenda makaburini."

Tihamér akajiinua kwenye mto. Uso ukabadilika. Ilka alimjua, aliona kuna jingine.

"Sema."

"Asiende," akasema Tihamér.

"Kwa nini?"

"Mtu mmoja wa filamu alikuja hapa mchana. Aliongea nami kupitia tundu la ufunguo. Anataka huu mchezo kwa sinema, nimwandikie mimi. Nikamwambia..." Akameza mate. "Nikamwambia, jukwaani kaburi ni la mbao, lakini kaburi lenyewe lipo. Kesho litakuwa na mishumaa, umati, na yeye mwenyewe mzee amepiga magoti, bila kulipa mwigizaji hata mmoja. Wameshaipeleka kamera. Iko nyuma ya kanisa dogo la makaburini, imefunikwa turubai."



"Kicheko cha ukumbini husahaulika," Ilka akasema. "Filamu huonyeshwa kila mahali."

"Kila mahali. Kolozsvár, Trieste..." Akajiuma ulimi. "Na Fiume."

"Nenda kamzuie."

"Nilimpigia kelele dirishani alipokuwa anaondoka. Alinipungia kofia. Ilka, nilishampa neno langu na mkono wangu, chini ya mlango. Hainihitaji tena mimi. Ile kamera hainihitaji." Macho yake yalikuwa yanafumba; hakuwa amelala vizuri tangu Jumatatu. "Kesho nitakuja mapema. Nitasimama mbele yake. Niamshe. Utaniamsha, sivyo?"

Akalala hapohapo, mdomo wazi, kama mtoto aliyeungama.

Ilka akamtazama. Akaichukua suruali, akatoka, akaufunga mlango kwa ufunguo. Ilimsaidia nini? Kamera haikuhitaji suruali ya Tihamér.

Kwa baba yake taa ilikuwa inawaka nyuma ya duka. Maua meupe yalikuwa ndani ya ndoo, mishumaa imepangwa juu ya meza ya kukatia ngozi. Mzee alikuwa akila mkate wa mafuta ya bata bukini na kitunguu, amevua viatu.

"Amekula?"

"Amelala."

"Keti. Chukua kitunguu."

Ilka hakuketi. "Baba, ni mimi niliyemwambia."

"Najua. Siku uliyoolewa nilijua utamwambia. Mume huambiwa."

"Nisamehe."

"Ameandika vizuri," mzee akasema huku anatafuna. "Ile ya kupuliza, ameiona vizuri. Ila mchezo wote ulikuwa na neno moja tu la kweli. Lile lililotoka chini."

"Ile ilikuwa ni Fáni. Nilitaka kuokoa."

"Nimeelewa hivyo."

"Baba, kesho tusiende. Watatucheka, tumesimama mbele ya jeneza la glovu."

Mzee akaweka mkate chini. Akachukua glovu iliyokuwa mezani, ya mtoto, akaipuliza, akaitazama vidole vikishuka.

"Ilka, mwanangu. Lile jeneza halina glovu."

Ndoo ya maua ilikuwa inavuja; tone moja, tone jingine.

"Mama yako alikwenda Fiume kwa ajili ya kifua. Daktari alisema hewa ya bahari. Akafia huko, nikamleta kwa treni, jeneza limefungwa kwa bati la risasi kwa sababu ya ugonjwa, ndiyo maana hukumwona uso. Ukaugua wewe. Huli, hunywi, unauita ukuta mama. Daktari akaniambia, mtoto huyu hana anachokingoja. Nikakaa kitandani kwako nikakupa cha kungoja. Nahodha. Samaki. Glovu ndani ya sanduku. Nikakwambia usimwambie mtu. Asubuhi ukaomba maziwa."

"Ulisema yuko hai."

"Nilikudanganya wewe. Majirani sikuwadanganya."

Ilka akashika ukingo wa meza. Kila mwaka alikuwa amesimama kwenye kaburi lile na mshumaa wake, mdomo umefumba. Hakuwahi kumwombea. Mtu aliye hai haombewi kama maiti. Aliogopa kumletea nuksi huko Fiume. Miaka yote hiyo mama yake alikuwa hatua moja mbele yake, na yeye alikuwa akitazama njia ya treni.

"Mbona hukusema? Hata nilipokuwa mkubwa?"

"Ulikuwa ukienda stesheni kutazama nyuso za wanawake. Nilikuona mara nyingi. Ulikuwa unarudi na rangi mashavuni." Mzee akajilaza kwenye kochi la dukani, akavuta koti la Pasaka juu yake. "Na leo ningesimama pale ukumbini nikasema si kweli, mke wangu amekufa? Ningewanyamazisha wao. Ningekuua wewe mbele ya watu. Kwa hiyo nikapiga makofi."

"Baba."

"Kesho tutakwenda, wacheke wakitaka. Mwaka huu utamwombea. Nimechoka kumwombea peke yangu."

Ilka akafungua mdomo amwambie. Turubai. Kanisa dogo. Kamera iliyokwisha kutegwa, ikimngoja mzee na magoti yake ili Kolozsvár na Trieste nzima zicheke juu ya mama aliyekuwemo kweli kaburini. Akatafuta neno la kuanzia. Akalipata.

"Baba, kesho huko makaburini kuna..."

Mzee alikuwa amelala, mkono mmoja ndani ya ile glovu ndogo, haukuingia zaidi ya vidole vitatu.

Hakuwa na moyo wa kumwamsha. Akazima taa, akakaa sakafuni na mgongo wake kwenye kochi, mshumaa wa kesho mkononi na ufunguo wa Tihamér mfukoni. Akajaribu kumwombea mama yake, akaona hajui pa kuanzia. Sala aliyokuwa nayo ni ya wasafiri tu. Akaianza hiyo. Ilipofika katikati, usingizi ukamchukua na yeye.